Damu imekoma, mbona bado kamera ya utumbo?

Ndugu, umeuliza kwa nini daktari anataka kukupima tena kwa kamera ilhali kuharisha damu kumekoma. Dalili kutulia si utumbo kupona. Ukuta wa ndani unaweza kuwa bado mwekundu, unavuja damu ukiguswa tu. Kuna magonjwa makuu mawili sugu yanayofanya utumbo kuvimba na kupata vidonda. Kolaitisi ya vidonda hukaa kwenye utando wa juu wa utumbo mpana, ikianzia karibu na njia ya haja kubwa na kupanda bila kuruka sehemu. Wa pili, ugonjwa wa Crohn, ndio korofi zaidi: hupenya ukuta mzima, na makovu yake hubana njia. Kubali kipimo, wachukue na vinyama vidogo vya utumbo vya kupima maabara. Dawa usiache mwenyewe. Ibuprofeni, ile dawa ya maumivu, achana nayo kwanza. Tumbo likijaa, ukatapika, choo na hewa vikagoma, wahi hospitali siku hiyohiyo.