Picha za kwanza za CCD zimetoka nyeusi: kamera ni mbovu?

Swali: Nimefunga kamera ya CCD (kamera ya anga yenye kihisi cha kielektroniki) yenye kipoozeo kwenye darubini ya kioo yenye urefu wa fokasi wa milimita 1000. Kihisi kina upana wa milimita 18. Nimeipiga galaksi ya Andromeda kwa sekunde 300, lakini kwenye kompyuta naona giza, vidoti vyeupe vingi na pete hafifu tatu au nne. Niirudishe kamera?

Jibu: Usiirudishe, ndugu msomaji. Kwa maelezo yako, kamera inafanya kazi.

Tuanze na pete, maana ndizo zenye habari kubwa. Hizo ni nyota zilizo nje ya fokasi. Kioo kidogo cha darubini yako huziba katikati ya njia ya mwanga, ndiyo maana nyota isiyo kwenye fokasi hutoka na tundu katikati. Mwanga wake umetawanyika kwenye maelfu ya pikseli, na nyota zilizo hafifu zaidi zimepotea kabisa. Nadhani ulitafuta fokasi kwa jicho, kisha ukaweka kamera mahali pa lenzi ya macho. Kihisi hakikai pale pale ilipokuwa fokasi ya jicho, kwa hiyo kazi hiyo hurudiwa upya kwa kamera.

Usiku ujao iache Andromeda kwanza. Lenga nyota angavu kiasi, iambie programu iunganishe pikseli mbili kwa mbili ili picha zishuke haraka, upige sekunde 2. Zungusha gurudumu la fokasi kidogo, piga tena. Pete ikipungua, endelea upande huo huo, ikikua, geuza. Ikishakuwa nukta, rudi kwenye pikseli kamili na uache kuamini macho: soma upana wa nyota unaotolewa na programu. Ukisoma 9, 6, 4, 3.5, halafu 4.2, umeshapita fokasi, rudi nyuma kidogo. Hewa hutikisa nyota, hivyo piga picha tatu kila nafasi kabla ya kuamua. Angalia pia thamani ya pikseli iliyo angavu kuliko zote. Ikigonga 65,535, kwenye kamera ya biti 16 nyota imejaa, yaani mwanga wake umezidi kinachoweza kurekodiwa, na upana unaousoma haufai. Tafuta nyota hafifu zaidi.

Giza nalo huenda ni la skrini tu. Kamera ya biti 16 hurekodi ngazi 65,536 za mwangaza, na galaksi hafifu hukaa chini kabisa ya ngazi hizo. Fungua histogramu, yaani mchoro wa idadi ya pikseli katika kila ngazi, uvute alama ya nyeupe hadi karibu na kilima cha data, upande wake wa kulia. Kinachobadilika ni mwonekano. Data yenyewe haiguswi.

Vidoti ni pikseli moto, yaani pikseli zinazong'aa zenyewe bila kupata mwanga. Vuta picha karibu uone: kidoti ni pikseli moja yenye kingo kali, ilhali nyota humwagika kwenye pikseli kadhaa. Ukisogeza darubini, nyota huhama, kidoti hubaki pale pale. Kupoza husaidia sana, kwa kuwa mkondo wa giza (umeme unaozalishwa na joto la kihisi hata bila mwanga) hupungua kwa takriban nusu kila kihisi kinaposhuka nyuzi 6 au 7 za Selsiasi. Chagua joto ambalo kipoozeo hulishikilia bila kufanya kazi kwa nguvu zake zote. Kisha funika darubini, upige picha za giza 15 hivi kwa joto lile lile na sekunde zile zile, kisha programu iuondoe wastani wake kutoka kwenye picha za anga.

Jambo la mwisho ni ukubwa wa shabaha. Kihisi chako kwenye darubini hiyo huona takriban digrii 1, na Andromeda ina urefu wa karibu digrii 3. Hata ukifanya yote sawasawa utapata kiini chake tu. Anza na kundi la nyota M15 katika kundinyota la Pegasus, ambalo linatosha lote ndani ya picha, kwa sekunde 30. Nyota zikitoka duara, panda hadi 60, kisha 120. Zikianza kurefuka, rekebisha kwanza mhimili ambao darubini huzungukia kufuata anga kabla ya kurudi kwenye 300.