Ukikutana na Shujaa Wako wa Utotoni, Usianze na Pole

Jumapili moja nilipita Kibuye, hapa Kisumu, upande wa maseremala, kutafuta meza ya kulia. Nikaona mkono unasukuma randa, kidole cha mwisho kimepinda kwenda nje. Kidole kile nilikijua. Nikiwa na miaka 9, baba alinipeleka Moi Stadium, kipa akapangua penalti mbele ya macho yetu, na baada ya mechi akanipa mkono. Sikuusahau.

Nikaropoka: "Mzee, si wewe ulikuwa kipa? Mbona sasa uko huku?"

Akapuliza vumbi la mbao. "Huku ndiko kazini kwangu, mwanangu. Miaka 22 sasa."

Neno lile "huku" bado linaniuma. Ndiyo maana nakuomba, wewe utakayekutana na wako, usimpe pole. Tukimwona mchezaji wa zamani amevaa ovaroli tunadhani ameanguka, na si kweli. Huku kwetu soka lililelewa sana na viwanda vya sukari: Mumias, Chemelil, na Sony ya South Nyanza, ambayo timu yake ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 2006. Mchezaji aliona wazi kwamba miguu huchoka lakini tumbo halichoki, na aliyekuwa na akili alitafuta ujuzi mapema. Huyu mzee alianza kushika patasi angali anadaka: asubuhi mazoezi, mchana karakana.

Muulize kazi ya leo, na uulize kwa kutaka kujua. Mimi nilipouliza kuhusu mbao, uso wake ulifunguka. Alinipa kipande cha mvule nikigonge, kisha kingine. Kilichokauka kililia, kibichi kikanyamaza. Akanionyesha mguu wa meza unavyoingia mahali pake: hakuna msumari, ni ulimi uliochongwa ukazama kwenye tundu, na gundi kidogo tu. Alipitisha kile kidole kilichopinda kwenye kiungo, polepole, akitafuta mwanya. Haukuwepo.

Halafu lipa bei. Usimwombe akupunguzie kwa kuwa ulimshangilia, wala usimwongezee kama sadaka. Patana naye kama unavyopatana na fundi yeyote. Picha iombe mwisho, na akiwa na wateja, ngoja wamalize. Penalti zipo tu, haziendi popote. Akitaka atazitaja mwenyewe.

Meza ilichukua wiki 3. Aliileta nyumbani kwa mkokoteni, yeye na kijana wake wa karakana. Sikuwa nimemwambia baba ni nani anakuja. Mzee wangu alitoka na bakora yake, akamtazama fundi kwa muda mrefu, kisha akainama akapapasa ukingo wa meza.

"Hii ni mvule?"

"Ni mvule."

Wakavuta viti, wakaketi hapo hapo uani. Chai ya pili ilikuwa imeshamiminwa ndipo nikamsikia baba akisema, "Ile penalti, ulijuaje angepiga kushoto?"