Nzi au nyigu? Hii au huyu?

Swali: Ukutani kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, nyigu wamefinyanga viota vya udongo. Kuna mdudu mdogo anayevizungukazunguka, kijani inayong'aa kama malakiti, lile jiwe la kijani. Watoto wanasema "nzi ya kijani". Rafiki yangu anasema kwa Kifaransa ni guêpe coucou. Niandike nzi au nyigu? Tena, ni "nyigu hii" au "nyigu huyu"?

Jibu: Andika nyigu. Watoto wamefuata rangi, na rangi hiyo hata nzi wa chooni anayo. Tazama mbawa: nzi ana mbili, nyigu ana nne, ingawa za nyuma hushikana na za mbele hata zikaonekana moja. Vipapasio vya nzi huyo ni vifupi mno. Vya mdudu wako ni virefu na vimepinda. Akitulia, angalia ngozi yake: imejaa vishimo, kama bati lililogongwagongwa kwa ncha ya msumari. Na ukimgusa kwa kijiti atajiviringa awe kama punje.

Hapo nasisitiza kujiviringa, si kujikunja. Aliyelala kwa baridi hujikunja, kakakuona hujiviringa. Nyigu huyu huweza kwa sababu tumbo lake limebonyea kwa chini, hivyo kichwa na miguu hupata pa kujificha mwenye kiota akija kumshambulia.

Na atashambuliwa kwa haki! Huingia kwa wizi, akataga yai lake katika kiota cha mwenzake, na buu wake hula buu wa mwenyeji au akiba yake ya chakula. Ndege kekeo naye hutaga katika viota vya wengine, na kwa Kifaransa ndiye coucou wa rafiki yako. Mimi ningemwita nyigu-kekeo. Wataalamu wa wadudu wameshika rangi: ukoo wake ni Chrysididae, kutoka chrysos, dhahabu kwa Kigiriki.

"Nyigu hii" ndivyo tunavyosema mjini kwetu, kama "mbuzi yangu inakula", na sokoni hakuna atakayekushangaa. Katika maandishi sanifu, kiumbe hai huchukua upatanisho wa mtu: nyigu huyu, nzi wa kijani, mbuzi wangu anakula.

Neno lako "inayong'aa" si kosa, ila kwa mdudu ambaye mwanga wake hubadilika kila anapogeuka, mimi ningechagua kumetameta.