Kura sita, wapiga kura watano

Jana maabara nilimwona mdogo wangu mmoja wa chuo akipachika milisekunde 50 za kulala (amri ya kuisimamisha programu kidogo) katikati ya msimbo wake wa zoezi la Raft, algoriti inayofanya seva kadhaa zimchague kiongozi kwa kura na kukubaliana. Akaendesha majaribio mara tatu, yakapita, akafunga kompyuta na kuondoka akipiga mluzi. Nilinyamaza, maana najua usiku wa kuamkia kuwasilisha atanipigia simu, kama wenzake wa mwaka jana. Basi nawaandikia wote kwa pamoja.

1. Kulala si dawa. Hata ule mstari wa kuchapisha unaofanya hitilafu itoweke si dawa. Umebadili tu mwendo wa nyuzi, yaani kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu.

2. Andika kwenye diski KABLA ya kujibu. Watafiti Ongaro na Ousterhout wameliweka wazi tangu 2014 kwenye makala yao ya Raft: muhula (namba ya awamu ya uchaguzi, yenye kiongozi asiyezidi mmoja), kura na logi ya amri zilizopokewa vikae salama kwanza, ndipo ujibu. Mnalikariri, mnalipatia maksi kwenye mtihani, kisha mnarudi maabara kulivunja. Siwacheki. Mimi nililivunja kwa siku kumi na moja.

Tulikuwa wawili, na seva tano. Majaribio yalipita mara tisini na kitu, halafu mara moja, bila sababu, yanaanguka. Nikaulaumu mtandao. Nikailaumu maktaba ya RPC, ile ya seva kuitana kupitia mtandao. Kisha, na hili bado linanichoma, nikamlaumu mwenzangu. Aliandika upya sehemu yake yote mara mbili kwa sababu yangu, na haikuwa na kosa hata moja. Mwishowe nikarefusha muda ambao seva husubiri kabla ya kuanzisha uchaguzi. Hitilafu ikawa adimu, nami nikatangaza imepona. Nilipiga mluzi pia, nadhani.

Siku ya kuwasilisha, mhadhiri akaiua seva ya 3 uchaguzi ukiendelea, akaiwasha tena. Viongozi wawili, muhula wa 7. Hakugomba. Aliniambia tu nimsomee logi ya matukio kwa sauti.

"Seva ya 1 imepata kura ya 1, ya 2 na ya 3. Seva ya 5 imepata kura ya 5, ya 4... na ya 3."

"Jumla?"

"Sita."

"Na seva ziko ngapi?"

Darasa likaangua kicheko. Mmoja akauliza tume ya uchaguzi iko wapi. Seva ya 3 ilikuwa imeipa ya 1 kura yake, ikajibu, ikafa kabla ya kuandika. Ilipofufuka haikukumbuka lolote, ikaipa ya 5 kura nyingine. Nilipofungua msimbo nikakuta mistari miwili imepinduka: jibu juu, kuandika chini. Yangu yote miwili. Mwenzangu alikuwa kando yangu, akaisoma, asiseme neno. Afadhali angenitukana.

3. Usishike kufuli (kinachozuia nyuzi nyingine kugusa data) huku unasubiri jibu la mtandao. Seva mbili zikifanyiana hivyo, zitasubiriana mpaka muhula uishe. Nasema muhula wa chuo.

4. Usipange matukio kwa saa ya ukutani ya kompyuta. Mtafiti Lamport alishaeleza mwaka 1978 jinsi ya kuyapanga bila hiyo, na NTP, njia ya kulinganisha saa kupitia mtandao, ikirekebisha saa inaweza kuirudisha nyuma. Ukitaka kupima muda, tumia saa isiyorudi nyuma.

5. Fischer, Lynch na Paterson walithibitisha mwaka 1985 kwamba pasipo kikomo cha muda wa ujumbe kufika, hata seva moja tu ikiweza kufa, hakuna algoriti isiyobahatisha inayohakikisha makubaliano yatafikiwa. Kila mwaka anatokea bingwa anayedai kapata njia. Kumbe ndani kaficha muda wa kusubiri. Raft nayo inautumia, ila kwa kumpata kiongozi tu; viongozi wawili muhula mmoja haiwaruhusu hata saa ziende vipi. Wewe wa milisekunde 50, soma tena sentensi hiyo.

Halafu futa ule mstari, uendeshe majaribio mara mia tano usiku kucha huku ukiziua seva ovyo, na logi ya matukio uihifadhi. Usinipigie. Saa nne nazima simu.