Miche ya kaki inatoka Nagasaki, si Hiroshima

Wapo wanaosema miche ya kaki (mti wa matunda wa Japani) iliyopandwa shuleni imetoka Hiroshima, na kwamba ni mti uleule ulionusurika bomu la atomiki. Hapana, mti mama wa hiyo miche uko Nagasaki. Ulinusurika bomu la atomiki la tarehe 9 Agosti 1945, ingawa upande mmoja wa shina uliungua ukawa mweusi kama mkaa. Mwaka 1994 daktari wa miti, Masayuki Ebinuma, alianza kuutibu, na ulipopata nguvu akaotesha mbegu zake na kuwapa watoto miche. Msanii Tatsuo Miyajima alipopata habari hizo akaanzisha naye mradi wa kuipanda sehemu mbalimbali duniani, upandaji ukiwa ndiyo kazi yenyewe ya sanaa: watoto wanachimba shimo, wanachora, wanaimba, kisha wanautunza mti miaka yote. Mche wa kwanza ulipandwa 1996 katika iliyokuwa shule ya msingi jijini Tokyo, na mwaka 1999 mradi ukafika maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia.

Hiroshima wana mpango wao mwingine, Green Legacy Hiroshima, ulioanza 2011. Huo unasambaza mbegu na miche ya miti mingi iliyonusurika, mginkgo ukiwemo.

Ila tusiseme "ni mti uleule". Miche hii imeota kwa mbegu, kwa hiyo ni watoto wa ule mti. Ungekuwa uleule kama wangepandikiza kikonyo chake, yaani kitawi kilichokatwa kwenye mti wenyewe, kama tunavyofanya kwenye maembe. Binafsi naona mbegu inafaa zaidi hapa, maana kila shule inalea mti ambao haukuwahi kuwepo.