Uliza Fundi: Kabla hujalipia mashine ya kukereza

SWALI: Nina karakana ya samani hapa Moshi. Matendegu ya vitanda na miguu ya meza huwa napeleka kukerezwa kwa mtu mwingine, na sasa nataka mashine yangu. Nimeonyeshwa mbili: mpya ndogo ya kuweka mezani, wanaiita ya inchi 12, na kuukuu kubwa ya chuma cha kusubu yenye mota ya fezi tatu. Bei zimekaribiana. Nichukue ipi?

JIBU: Hizo inchi 12 zisikuchanganye. Ni kipenyo cha gogo kubwa kabisa linaloweza kuzunguka bila kugusa kitanda cha mashine (kitanda cha mashine, si hivyo vyako vya kulalia). Urefu hauhusiki hapo. Wewe uliza nafasi kati ya senta ya mbele na ya nyuma (ncha mbili za chuma zinazoishika mbao), na mashine nyingi za mezani za inchi 12 zinaishia milimita 400 hadi 500. Mguu wa meza ya kulia chakula unakaribia 720. Hauingii. Baadhi huwa na kipande cha kuunganisha ili kitanda kirefuke. Muuzaji akikitaja, akutolee ukione. Bila hicho, umenunua mashine ya mabakuli, vinara na mipini.

Kwa kazi yako tunaegemea hiyo kuukuu, ila ikague kwanza. Shika ekseli ya kichwa cha mbele, isukume juu na chini kwa nguvu. Ikicheza, beringi zimekwisha. Hilo lisikufukuze, beringi zinauzwa. Omba tu bei ishuke. Ufa kwenye chuma cha kusubu ndio wa kukufukuza, maana kuuchomelea ukashika sawasawa ni kazi ya mafundi wachache. Kisha sogeza kichwa cha nyuma mpaka ncha za senta mbili zikaribie kugusana. Zikipishana milimita moja, miguu ya meza itakerezeka tu, lakini kutoboa tundu la katikati kutakusumbua kila siku. Kabla ya kukata tamaa, chomoa senta, futa matundu yake kwa kitambaa, urudishe upime tena. Mara nyingi ni vumbi la mbao lililoganda.

Kuhusu fezi tatu, soma kibati cha mota. Kikiandikwa 230/400 V, fundi umeme anaweza kuigeuza nyaya za ndani ziwe za muungano wa pembetatu, ukaiendesha kwa umeme wa kawaida wa fezi moja kupitia inverta ya mota. Si ile ya sola. Hii hutoa fezi tatu na hukuwezesha kubadilisha mwendo kwa kuzungusha kitufe. Kikiandikwa 400/690 V, inverta hiyo haitoshi, hesabu gharama ya mota nyingine. Mambo mawili huunguza vifaa hivi. Kwanza, swichi kuwekwa kati ya inverta na mota: washa na zima kwa vitufe vya inverta yenyewe. Pili, kuendesha mota polepole mno kwa muda mrefu. Feni yake imefungwa kwenye ekseli ileile, kwa hiyo mwendo ukishuka na upepo wa kuipoza unashuka. Ukitaka mwendo mdogo kwa kazi ndefu, hamisha mkanda kwenye puli.

SWALI: Ndugu yangu aliye Marekani amenitumia mashine ya kukereza hapa Mombasa. Kibati kinasema 115 V, 60 Hz. Nimenunua chaki ya taya nne (kishikio cha kubana mbao) na haifungi kwenye ekseli. Kosa ni la chaki au la mashine?

JIBU: Hakuna mbovu, ni nyuzi hazilingani. Mashine za Marekani za ukubwa wa kati huwa na ekseli ya inchi 1 yenye nyuzi 8 kwa inchi, na za Ulaya nyingi ni M33, yaani kipenyo cha milimita 33, kwa hatua ya milimita 3.5 kutoka uzi hadi uzi. Pima ekseli yako kwa kalipa, hesabu nyuzi zilizomo ndani ya inchi moja, kisha tafuta chaki inayopokea bushi ya kubadilisha (kipande cha kati chenye nyuzi). Ukija kupata mashine nyingine, unabadilisha bushi tu, chaki inabaki. Usikubali kuchongewa nyuzi upya kwenye chaki iliyokwisha kukatwa: ikienda upande kidogo tu, kila bakuli litayumba.

Umeme ni habari nyingine. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 240 V unaiunguza. Kama mwendo wake hubadilishwa kwa kitufe kupitia sakiti, na kibati cha mota kinasema DC, transfoma ya kushusha volti inatosha. Chukua yenye wati maradufu ya mota, kwa sababu wakati wa kuwaka mota hunywa umeme mwingi. Kama ni mota ya kawaida ya AC yenye mkanda na puli, transfoma haibadilishi 60 Hz. Iliyoandikwa mizunguko 1725 kwa dakika itakwenda 1440 hivi kwa umeme wetu wa 50 Hz, na itapata joto zaidi. Hiyo ing'oe, ufunge ya 240 V ya nguvu farasi moja.

SWALI: Fedha nyingi zimeishia kwenye mashine. Nimebaki na kidogo. Ninunue seti ya patasi nane inayouzwa kwa bei nafuu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Nunua nne za chuma cha HSS (chuma kisichopoteza ugumu kwa joto la kunoa), na fedha itakayosalia iende kwenye mashine ya kunolea. Seti za bei hiyo mara nyingi ni chuma cha kaboni: ukiinoa ikageuka buluu, ugumu umetoka, na lazima usage mpaka ulipite hilo eneo. HSS haijali buluu.

Hizo nne ni bobari (patasi yenye mfereji) pana ya kuondolea pembe za mbao, bobari nyembamba ya kuchonga mapambo, patasi ya mshazari, na ya kukatia. Bobari pana ni ya miguu na fimbo tu, usiipeleke kwenye bakuli hata mara moja. Sehemu yake inayoingia kwenye mpini ni nyembamba, na bakuli linapozunguka humkabili fundi kwa kichwa cha mbao (ncha za nyuzinyuzi zake) mara mbili kila mzunguko. Inavunjika pale kwenye mpini, na kipande kinaruka usoni. Bakuli lina bobari yake, iliyochongwa kutoka chuma cha mviringo kinene tangu ncha hadi ndani ya mpini.

Kwenye kinoo weka jiwe jeupe la namba 80, na utengeneze kishikio cha mbao cha kuweka pembe ileile kila unaponoa. Nyuzi 45 kwa bobari pana ni mwanzo mzuri. Chaki inaweza kusubiri. Sahani ya chuma iliyokuja na mashine, inayofungwa kwenye mbao kwa skrubu, inashika bakuli vizuri, mradi usitumie skrubu nyeusi za jipsamu. Zile ni ngumu ila hazipindi, hukatika vichwa.

SWALI: Nimeifunga mashine sakafuni kwa bolti nne, na bado inatetemeka. Halafu patasi inanasa na kurarua mbao. (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Bolti ndizo zinazokutesa. Zilegeze zote, upitishe kipande cha karatasi chini ya kila mguu. Kinapopita, mguu huo uko hewani: jaza vipande vya bati mpaka karatasi igome, ndipo ukaze. Ukikaza mguu ulio hewani unakipinda kitanda, na senta zinaachana. Kisha weka ubao juu ya vyuma vya chini ya mashine, upange mifuko miwili ya saruji iliyojazwa mchanga. Kimo kiwe hivi: senta ilingane na kiwiko chako ukiwa umesimama wima.

Mwendo upime kwa hesabu. Kipenyo kwa inchi ukizidisha kwa mizunguko ya dakika, jibu liwe kati ya 6000 na 9000. Mguu wa inchi 3 unapata 2000 hadi 3000. Bakuli la inchi 10, 600 hadi 900. Gogo ambalo halijawa duara lianzie 500 au chini, na wewe simama kando ya mstari wake.

Kunasa kunatokana na makali kugusa mbao kabla ya mgongo, ule mteremko ulionolewa nyuma ya makali. Weka patasi juu ya kiegemeo (chuma cha kuegemeza patasi mbele ya mbao) kwanza, kisha mgongo wa makali usugue mbao bila kukata, ndipo uinue mpini taratibu mpaka unyoya wa kwanza utoke. Kiegemeo kiwe milimita 3 hadi 5 kutoka kwenye mbao, na uzungushe mbao kwa mkono mzunguko mzima kabla ya kuwasha. Mbao ikipungua, zima, usogeze kiegemeo.

SWALI: Mvule unaua makali ndani ya dakika chache, ilhali mkangazi hausumbui. Je, patasi zangu ni mbovu?

JIBU: Mvule huweka mawe ndani yake, chokaa iliyoganda kwenye nyufa za mti. Ukiona doa jeupe au la kijivu lisilopigika msumari, kata hicho kipande kwa msumeno wa zamani kabla hakijafika kwenye mashine. Vaa barakoa pia. Vumbi lake huwasha pua na ngozi. Glavu usivae, wala mikono mirefu iliyolegea.