Mwale wa elektroni kwenye gesi hafifu: uhoji mwanga kabla ya kuuamini

Gesi hafifu inayokwenda kasi haipimwi kwa kuchomeka kifaa ndani yake. Kifaa chenyewe kitauvuruga mkondo wa gesi. Ndiyo maana sisi wa kazi hii tunapitisha mwale mwembamba wa elektroni, aghalabu wa volti 10,000 hadi 50,000. Molekuli za naitrojeni zikigongwa, baadhi hugeuka ioni zilizosisimka, na baada ya nanosekunde 60 hivi hutoa mwanga wa zambarau wa nanomita 391.4. Molekuli zikiwa nyingi, mwanga nao unaongezeka, na hivyo ndivyo tunavyopima wingi wa gesi. E. P. Muntz alionyesha mwaka 1962 kwamba mwanga huohuo unaweza kukupa hata halijoto ya gesi.

Ila uwiano huo una kikomo. Molekuli zikikaribia 10¹⁶ kwa kila sentimita ya ujazo (kama paskali 40 kwenye halijoto ya chumba), ioni zinagongana na molekuli nyingine na kupoteza msisimko kabla hazijatoa mwanga. Kwa hiyo jaza chemba gesi tulivu ya presha unayoijua, pandisha presha kidogo kidogo, na uchore grafu ya mwanga uliogawanywa kwa mkondo wa umeme wa mwale. Pale mstari unapoanza kupinda, ishia chini yake. Usijidanganye kwamba utasahihisha baadaye: upotevu huo hubadilika na halijoto, na gesi inayotoka kwenye nozeli (mdomo mwembamba unaoipa gesi kasi) huwa baridi kuliko uliyojazia.

Huo mkondo wa umeme nao upime kwa kikombe kirefu cha Faraday, yaani chombo cha chuma kinachonasa elektroni za mwale. Bamba bapa hurudisha elektroni nyingi, ukadhani mwale umedhoofika.

Halafu zima taa uchungulie dirishani. Utaona uzi wa zambarau umezungukwa na ukungu hafifu: kazi ya elektroni za pili, zile zilizong'olewa kwenye molekuli. Bana upenyo wa kamera ubaki na uzi tu. Filamenti, yaani waya wa moto unaotoa elektroni za mwale, nayo hung'aa, na mwanga wake hurukaruka kwenye kuta. Kuzima mwale kwa kuzima filamenti hakusaidii. Upindishe kando kwa sumaku, filamenti ikiwa bado ya moto, upime mwanga unaobaki, kisha uutoe kwenye kipimo chako.

Kioo cha dirisha kiwe chenye madini ya risasi. Elektroni za namna hii zikigonga chuma hutoa eksirei, kwa hiyo kipimo cha mionzi kiwashwe kabla ya volti kupandishwa.